Mifarishi 9 ya kudarizi na 4 ya kukarabati kabla ya Krismasi: nitangulize ipi?

Mdarizi wa Fremu
12 Novemba

Mafundi wenzangu, salaam. Naomba ushauri wa wale waliowahi kushika kazi za wateja za aina mbili kwa wakati mmoja. Kila kazi iliyo kwenye rafu yangu naijua vizuri, lakini zikiwa pamoja zimenichanganya kiasi kwamba juzi nilisimama mbele yake asubuhi nzima nikihamisha hii na kurudisha ile, bila kutia uzi kwenye sindano.

Shughuli yangu ya kila siku ni kudarizi mifarishi ya watu wengine. Mteja huniletea uso wa viraka aliokwisha kuuunga mwenyewe, nami huutandika kwenye fremu pamoja na pamba ya kati na bitana, kisha huyashona matabaka hayo matatu yakawa kitu kimoja. Kwa sasa ninazo nyuso 9. Kati yake, 6 zinatakiwa nakshi moja inayojirudia kutoka ukingo hadi ukingo, na kila moja hunichukua saa 5 hivi pamoja na kuitandika. Zilizobaki 3 zinatakiwa nakshi inayofuata umbo la kila kiraka, nazo nimezikadiria saa 18 kila moja. Wateja 5 wameomba pia niwawekee utepe wa ukingo na kuumalizia kwa mkono, kazi ambayo kwa mfarishi wa kitanda kikubwa hunila saa 8. Wengine 4 watajiwekea ukingo wenyewe.

Mbali na hayo, nimepokea mifarishi 4 ya kukarabatiwa. Wa kwanza ni wa mtoto wa miaka mitatu. Kona imechanika na pamba inatoka. Wa pili umesagika upande wa kichwani, pale mtu anaposhika akijifunika. Wa tatu umetafunwa na mbwa. Wa nne ndio unaonikosesha usingizi: ulishonwa na mama yake bibi yake mteja, na mteja anataka kumkabidhi binti yake siku ya Krismasi. Nilikadiria jioni mbili tu. Nilipofumua kiraka kimoja cha kahawia chenye vimaua vyeupe ili nikibadilishe, kiraka jirani cha kitambaa kilekile kilipasuka kwa kuguswa na kidole. Kidoleni palibaki vumbi la kahawia, laini kama poda, na vimaua vyenyewe vilikuwa bado imara, vikining'inia kwenye nyuzi chache zilizosalia. Viraka vya buluu vilivyo pembeni yake havina neno. Nimehesabu viraka 11 vya kahawia hiyo, na nimeacha kushika chochote.

Ninaweza kukaa kwenye cherehani saa 4 kila siku, siku 6 kwa wiki, na jioni nina saa 2 za kazi ya mkono. Nimewaahidi wote tarehe 20 Desemba. Je, nimalize kwanza udarizi ambao muda wake naujua, au nianze na ukarabati ambao siujui utaishia wapi? Na huo mfarishi wa kahawia, niurudishe kwa mwenyewe nikiri kwamba umenishinda?

Fundi Bitana
12 Novemba

Salaam, fundi mwenzangu. Usirudishe kitu bado. Kalamu yangu inaniambia kwamba kinachokubana si kile unachokiogopa.

Kuanzia leo hadi tarehe 20 Desemba, ukiondoa siku moja ya mapumziko kila wiki, una siku 33 za kazi. Hizo ni saa 132 za mchana kwenye cherehani. Nakshi za ukingo hadi ukingo zitakula saa 30 na zile za umbo la kiraka saa 54, jumla 84, kwa hiyo hata nyuso zote 9 zikiisha utabaki na saa 48 za mchana mkononi. Sasa tazama upande wa jioni, ambako una saa 66 tu. Kingo 5 kwa saa 8 kila moja zinachukua 40, na ukarabati wote unabakiwa na saa 26. Kona ya mtoto huenda ikataka saa 3, upande uliosagika saa 8, alipotafuna mbwa saa 10, na huo wa kahawia sidhani kama utashuka chini ya 12. Hizo ni 33. Cherehani yako ina nafasi. Mikono yako ndiyo iliyokwisha kuahidiwa zaidi ya ilicho nacho.

Kwa hiyo pigia simu wale 5 waliotaka ukingo wa mkono, uwaulize kama watakubali ukingo wa cherehani. Wengi husema "kwa mkono" kwa sababu wamesikia ndio mzuri, lakini kwa mfarishi wa kulalia unaofuliwa mara kwa mara, ukingo wa cherehani ndio hudumu vyema zaidi. Mimi huanza kuushona utepe upande wa bitana, ninaukunja kuja mbele, kisha ninapiga mshono wa pili juu ya uso ambako ninauona, ili unyooke pale macho yatakapotua. Kwa mfarishi wa mita 2.2 kwa mita 2.4, ambao mzunguko wake ni mita 9.2, kazi hiyo huniishia ndani ya saa 2. Wakikubali watatu tu, umepata saa 24 za mkono kwa kutoa saa 6 za cherehani.

Jambo la pili ni dogo, ila limewahi kuniumiza: pima bitana zote leo, usingoje siku ya kutandika. Kwa kazi ya fremu bitana inatakiwa izidi uso kwa sentimita 10 hivi kila upande, na kila mwaka yupo mteja anayeleta bitana iliyolingana na uso sawasawa. Ukigundua leo, ana muda wa kuunga kipande. Ukigundua tarehe 10 Desemba, tatizo lake limekuwa lako. Zaidi ya hapo, panga nyuso zinazotaka rangi moja ya uzi zifuatane, na tepe zote za ukingo zikate siku moja, uzikunje na kuzipiga pasi, kila moja uifunge na jina la mwenyewe.

Sindano Namba 14
12 Novemba

Hesabu ya Fundi Bitana ninaiunga mkono, lakini kuna jambo moja ambalo sijaona likitajwa, nalo ndilo linaloamua mpangilio. Wale wateja 4 watakaojiwekea ukingo wenyewe hawawezi kupokea mifarishi yao tarehe 20. Wakiipata siku hiyo watabaki na jioni nne za kushona mita tisa za ukingo, katika wiki ambayo kila mtu ana wageni, na lawama itakuja kwako ingawa tarehe umeitimiza. Hao ndio wa kutangulia kwenye fremu, na ningewapa tarehe 1 Desemba. Kabla yao weka mmoja tu kati ya mifarishi inayotaka ukingo wa mkono, ili jioni zako ziwe na kitu cha kushika tangu wiki ya kwanza.

Zile 3 za umbo la kiraka usizipange mfululizo. Saa 54 za kufuata mstari bila kupumzika huonekana kwenye kazi. Mabega yakichoka mikunjo hupoteza uduara, na mteja aliyelipia nakshi ya pekee ndiye atakayeiona. Baada ya kila moja, weka mbili za nakshi inayojirudia. Badilisha sindano kila unapoanza uso mpya, hata kama ile ya zamani haijakatika, kwa sababu sindano butu huisukuma pamba itokeze vijinyuzi upande wa bitana, na kwenye bitana nyeusi huwezi kuvificha.

Mfarishi wa mtoto nao una taratibu zake. Mtoto wa miaka mitatu hana habari za foleni. Kama ndio anaolalia, kila usiku unaokaa rafuni kwako kuna nyumba ambayo hailali. Mwambie mzazi aulete asubuhi ya siku mnayokubaliana na auchukue jioni. Hiyo kona haifanywi upya. Unarudisha pamba ndani, unaongeza kipande kidogo cha pamba pale ilipopungua, unafunika kwa kiraka ulichokikunja kingo zake milimita 6 kwenda ndani, na unakishona kwa mishono ya kujificha. Kwa sasa umrudishie, hata ukiwa na pini moja ya usalama kwenye kona.

Ninachotofautiana nacho ni ukingo wa cherehani kwa mifarishi 3 ya nakshi ya pekee. Kama mmoja wapo ni zawadi ya harusi au ya kuwekwa ukutani, usimshawishi mwenyewe abadilishe. Waulize wengine.

Bibi Subana
13 Novemba

Mwanangu, umefanya vizuri kuacha kushika. Wengi huendelea kufumua wakitafuta mahali penye kitambaa kizima, na hapo ndipo mfarishi huisha mikononi mwao.

Hilo vumbi la kahawia linaeleza habari yake lenyewe. Vitambaa vingi vya kahawia na vyeusi vya karne ya 19 vilitiwa rangi kwa msaada wa chumvi za chuma ili rangi ishike, na chuma hicho hakiachi kuila pamba hata baada ya miaka mingi ndani ya kabati. Ndiyo maana buluu iliyo pembeni ni nzima na vimaua vyeupe vimesalimika: palipokuwa na rangi ya kahawia ndipo palipooza. Hakuna ulilolikosea ulipokigusa, na hakuna dawa ya kukirudishia nguvu. Waliushona kwa mabaki ya nguo, na yawezekana kitambaa hicho kilikuwa na umri mkubwa hata siku kiliposhonwa.

Kwa hiyo acha wazo la kubadilisha viraka. Kila kiraka unachokifumua kinavuta jirani yake, na kila tundu jipya la sindano kwenye kitambaa cha namna hiyo ni mwanzo wa mpasuko. Usikibandike kwa kitambaa cha gundi ya pasi, kwa sababu gundi hukakamaa, hugeuka rangi na haitoki tena, naye atakayekuja kuuhifadhi baada yako hatakuwa na la kufanya. Usiufue. Funika kila kiraka kwa neti laini, ile ya shela ya bibi harusi, yenye rangi iliyokaribia kahawia, na uishone pembezoni, pale inapokutana na kitambaa cha buluu kilicho kizima. Sindano yako isiingie kabisa kwenye kahawia. Tumia uzi mwembamba wa pamba, dhaifu kuliko kitambaa unachokishikilia, ili siku mfarishi utakapovutwa ukatike uzi na kitambaa kibaki. Neti itayashika mabaki yasimwagike, na macho yakiwa umbali wa hatua mbili hayataiona.

Kile kiraka ulichokwisha kukifumua, usitupe hata chembe yake. Kilaze juu ya kipande cha pamba nyembamba ya rangi ya kahawia, kilaze mahali pake, kisha ufunike kwa neti kama vingine.

Mimi hutumia dakika 45 kwa kiraka cha ukubwa wa kiganja, kwa hiyo viraka 11 ni kama saa 8 na robo. Zifanye mchana. Fundi Bitana amekuonyesha kwamba una saa 48 zisizo na kazi kwenye cherehani. Hakuna sheria inayosema saa za mchana lazima ziwe za cherehani, na kushona neti ya kahawia juu ya kahawia chini ya taa ni kuyaonea macho.

Kabla ya yote, zungumza na mteja, na usizungumze naye kwa simu. Mwite aje, bonyeza kidogo kitambaa cheupe juu ya kiraka kimoja na umwonyeshe kinachobaki. Muulize binti yake ataufanyia nini. Kama anadhani ataujifunikia, ni lazima ajue leo kwamba hilo haliwezekani, maana zawadi itakayosambaratika mwezi Januari itawaumiza wote wawili. Mfarishi uliofunikwa neti unaweza kukabidhiwa siku ya Krismasi kwa heshima zote, ukiwa umeviringishwa katika shuka safi la pamba lililofuliwa, pamoja na picha ulizompigia za hali uliyoupokea nayo.

Jambo jingine: je, ipo harufu ya unyevu? Mfarishi uliokaa kabatini miaka mingi usiuweke rafu moja na nyuso mpya za watu. Ukungu na nondo havichagui mteja. Nimewahi kuuweka mmoja karibu na uso mweupe, nikautoa na madoa ambayo hayakuwa yake, na nilimshonea mwenyewe uso mwingine mwezi mzima.

Mdarizi wa Fremu
17 Novemba

Nawashukuru nyote, na kwa Bibi Subana nasema shikamoo. Nimefanya kazi kwa maneno yenu siku hizi tano na naona niwape majibu.

Bitana 2 kati ya 9 zilikuwa fupi. Moja ilikuwa imezidi uso kwa sentimita 3 tu upande mmoja, na mwenyewe amekwisha kuichukua na kuiunga. Wateja 5 wa ukingo nimewapigia wote: watatu wamekubali cherehani bila kusita, na mmoja wao amesema ndivyo alivyotaka tangu mwanzo ila aliona haya kusema. Wawili waliobaki wanataka mkono, na wote wawili mifarishi yao ni ya nakshi ya pekee, kwa hiyo sikuwashawishi, kama Sindano Namba 14 alivyoshauri. Mfarishi wa mmoja wao uliingia kwenye fremu juzi, na baada yake wanafuata wale 4 wanaojiwekea ukingo, ambao nimewapa tarehe 1 Desemba.

Mfarishi wa mtoto ulirudi kwao siku ileile mliyoniandikia, na jana uliletwa saa 2 asubuhi ukachukuliwa saa 11 jioni. Mtoto mwenyewe alikuja kuufuata, akaanza kuikagua kona kwanza kabla ya kuukumbatia.

Mwenye mfarishi uliotafunwa na mbwa amekubali tupange Januari. Kumbe hakuwa na haraka, ni mimi niliyetaja Krismasi. Hilo limenifundisha niulize tarehe kabla ya kuitoa.

Mazungumzo ya mfarishi wa kahawia yalikuwa magumu. Mteja alikuja na binti yake, jambo ambalo sikulitarajia, hivyo zawadi si siri tena. Nilibonyeza kitambaa cheupe kama nilivyoelekezwa, na alipoiona ile alama alinyamaza muda mrefu. Alikuwa amekusudia kweli binti ajifunikie. Binti ndiye aliyesema kwamba angependa uwe vile ulivyo kuliko ushonwe upya kwa viraka vya dukani, na kwamba atautandaza siku moja kwa mwaka na kuuhifadhi siku nyingine zote. Wameniruhusu kuweka neti, na nimeuhamishia chumba kingine, kwa sababu harufu ya unyevu ipo kweli.

Nina swali moja lililobaki. Nimepata neti za aina mbili, moja ya hariri ambayo ni laini mno lakini kingo zake zinafumuka kila ninapoikata, na nyingine ya nailoni ambayo haifumuki ila inang'aa kidogo. Zote ziko katika kahawia mbili, nyepesi na iliyokoza. Nichague ipi?

Bibi Subana
17 Novemba

Marahaba, mwanangu. Huyo binti ana akili, na mfarishi umepata mwenyewe.

Chukua iliyokoza. Neti nyepesi juu ya kitambaa cheusi au cha kahawia huonekana kama ukungu, ilhali iliyokoza hupotelea ndani yake. Kuhusu aina, hariri ndiyo inayokaa vizuri zaidi kwa kazi hii, lakini kingo zake utalazimika kuzikunja milimita 5 kwenda ndani kila upande, na kwa viraka 11 utaongeza saa 3 au 4. Kwa muda ulio nao tumia nailoni. Mng'ao wake hupungua ukiifua kwa maji ya uvuguvugu na kuiacha ikauke kabla ya kukata. Jaribu kipande kwanza, ukiweke juu ya kiraka karibu na dirisha, ukitazame asubuhi na jioni.

Pale viraka viwili vya kahawia vinapogusana, usikate neti mbili. Kata moja ivifunike vyote, uishone kwenye kitambaa cha buluu kinachovizunguka, na mshono wa katikati uuache bila kuugusa.

Fundi Bitana
18 Novemba

Nyongeza ndogo kuhusu kuuviringisha: uso wenye viraka uwe upande wa nje wa mviringo, usikunjamane ndani, na mhimili uwe bomba nene la karatasi ngumu lililofungwa kwanza kwa kitambaa safi cha pamba. Bomba la namna hiyo ndilo vitambaa vya bitana huja vimeviringishiwa, kwa hiyo huenda tayari unalo karibu na fremu yako.